Walimu wa UPE walipita chuoni kweli? Nimekuta picha ya marehemu baba

Mwana wa Luagala

Habarini wana jukwaa, wakubwa zangu shikamooni. Naombeni mnisaidie kitu kinanisumbua tangu tumalize arobaini ya mzee wetu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Tandahimba, kaanza kufundisha 1976 mpaka anastaafu 2020, shule nne tu na zote zipo huku huku juu Makonde, hajawahi kufundisha nje ya mkoa. Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale waliochukuliwa wakiwa wametoka darasa la saba. Sasa siku ya msiba ndugu yetu mmoja mtu mzima tu na anaheshimika akasimama kutoa historia ya marehemu, akasema kaka yetu alijitahidi ila tuseme ukweli wale hawakusomea ualimu, UPE ilikuwa Ualimu Pasipo Elimu. Watu wakacheka. Mama alikuwa amekaa pale kwenye mkeka na mimi nilimuona alivyoinamisha kichwa. Sijamjibu yule ndugu hadi leo kwa sababu sikuwa na la kujibu, ndo ukweli kwamba sijui.

Juzi tumefungua sanduku lake la bati, chini ya vitenge na risiti za korosho za miaka hiyo tukakuta picha moja ya zamani, vijana kama ishirini hivi wamejipanga mistari miwili, suruali bugaluu, nyuma yao jengo refu la bati na mwembe pembeni. Baba ni wa tatu kutoka kushoto waliochuchumaa, kakonda kweli. Nyuma ya picha kaandika kwa wino wa bluu "Chuoni, 1979". Na kuna daftari la maandalio ya masomo, kurasa zimekula mchwa pembeni ila yanasomeka. Moja linasema "Shabaha: mwisho wa kipindi mtoto aweze kutoa kwa kukopa. Zana: mbegu za korosho 60." Halafu pembeni kuna mtu kaandika kwa kalamu nyekundu "Umesema mno. Waache wahesabu wenyewe."

Mama anasema baba hakusoma chuo, alianzia darasani palepale kijijini akiwa kijana mdogo hata ndevu hana. Ila mama kaolewa 1983, ya nyuma hayajui vizuri.

Sasa maswali yangu, kama hakusoma chuo hapo chuoni alifuata nini? Na hivi vyuo vyetu vya ualimu vya huku Kusini vilitokana na nini na vilikuwa na kazi gani kipindi hicho? Nauliza pia kwa sababu mdogo wetu wa mwisho, binti, amechaguliwa stashahada ya ualimu Kitangali, na yeye anauliza kila siku baba alisomea wapi.

Mstaafu wa Newala

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba, mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu mwenzetu.

Mimi ni UPE wa mkupuo wa kwanza, 1976, sawa na baba yako. Kwa hiyo ngoja nikueleze kama nilivyoipitia na wala sikusimuliwa.

Novemba 1974 TANU ilikaa Musoma ikapitisha kwamba kila mtoto aliyefikia umri aingie shule ifikapo 1977. Kabla ya hapo lengo lilikuwa 1989, hebu ona wameruka miaka mingapi. Wanafunzi wa msingi nchi nzima mwaka ule 1974 walikuwa kama milioni 1.2, kufika 1980 wamepita milioni 3. Walimu watoke wapi? Vyuo vilivyokuwepo hata ungelaza watu wawili wawili kitanda kimoja visingetosha. Ndipo ikaamuliwa chuo kimfuate mwanafunzi kijijini. Tulichukuliwa vijana tuliomaliza la saba, tukapangiwa shule, na mafunzo yakawa miaka mitatu tukiwa palepale shuleni.

Siku ilikuwa hivi. Asubuhi unafundisha vipindi vichache, mwalimu mzoefu kakaa nyuma ya darasa. Mchana mnakaa naye chini ya mti au ofisini mnasomeshwa ualimu wenyewe, jinsi ya kuandaa somo, malezi ya mtoto, hisabati, Kiswahili, siasa. Vijitabu vinakuja kwa posta kutoka Dar, unajibu maswali unarudisha kwa posta, majibu yakirudi yamesahihishwa mnagombania kuona nani kapata ngapi. Na redio, kulikuwa na vipindi vyetu Radio Tanzania. Shuleni kwetu redio ilikuwa moja ya mwalimu mkuu, betri zikiisha tunaziweka juani asubuhi zipate nguvu ya kumaliza kipindi cha jioni. Nilitembea zaidi ya mara moja kwenda kijiji cha pili kusikiliza kipindi kwa sababu ya kwetu imezima.

Mwaka wa tatu sasa ndo jibu la picha yako. Kumaliza mafunzo ilikuwa lazima uingie chuo cha ualimu wiki 6, unalala bwenini, unasomeshwa na wakufunzi, unafundisha shule ya mazoezi huku wanakupima, unafanya mtihani. Mkupuo wa 1976 walimaliza 1979, hesabu yake inakubali kabisa. Vyuo tulipangiwa kwa nafasi, mimi nilienda Mtwara mjini. Kwa hiyo baba yako chuoni alifika, alifika akiwa tayari amefundisha miaka mitatu. Yule ndugu yako mwambie walimu zaidi ya 35,000 nchi hii walipatikana kwa njia hiyo na yeye mwenyewe inawezekana aliyemfundisha a e i o u ni mmoja wao.

Hiyo kalamu nyekundu ni ya mkufunzi, hakuna mwingine. Ule mtindo naujua. Sisi tulizoea kijijini kufundisha kwa kuongea, unaongea mpaka sauti inakauka, watoto themanini wamekaa chini. Tulipofika chuo mkufunzi anakaa nyuma hasemi kitu, kipindi kikiisha anakupa daftari lako limejaa wekundu. Na watoto wa shule ya mazoezi nao walikuwa shida nyingine, wamezoea kufundishwa na wageni kila muhula, mtoto wa la tatu anakunyooshea mkono anakwambia mwalimu umeruka utangulizi. Nililia siku ile, nasema kweli, nimefundisha miaka mitatu halafu mtoto wa miaka tisa ananionyesha kosa langu.

Litunze hilo daftari.

Mchungulia Kale

Mzee kamaliza upande wa UPE, shikamoo mzee. Mimi naomba niongeze ya nyuma maana muuliza swali kauliza pia vyuo vya huku vilitokana na nini, na hapa watu wengi wa Kusini hatujijui.

Kwanza neno lenyewe. Huku pwani yetu, Kilwa, Lindi, Mikindani, chuo tangu zamani ni chuo cha Kurani. Mtoto "anaenda chuoni" maana yake anaenda kwa mwalimu kusoma juzuu, ubao wa mti na wino, na mwalimu analetewa kuni na ada. Kwa hiyo wazo la kwamba kuna mtu kazi yake ni kufundisha na anatunzwa na wazazi lilikuwepo kabla ya mzungu yeyote. Wajerumani walipofungua shule ya serikali kule Tanga miaka ya 1890 na baadaye shule za miji ya pwani, watu waliokuwa wanajua tayari kusoma na kuandika Kiswahili walikuwa hawa hawa wa chuoni, ila kwa herufi za Kiarabu.

Upande wa bara ni wamisheni. UMCA, misheni ya Kianglikana ya Waingereza, walifika Masasi 1876, askofu Edward Steere akiwa na watu waliokombolewa kutoka utumwani. Walimu wao walikuwa wanafundishwa Zanzibar, Kiungani, chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho baadaye kikahamia Minaki kule karibu na Dar. Ukitaka kuona kazi ya chuo cha ualimu katika historia ya Kusini mwangalie Cecil Majaliwa. Mtoto aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani, 1886 akapelekwa Chitangali huku kwetu kufundisha na kuhubiri, na 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Kijana mmoja aliyetoka chuo, peke yake, miaka kadhaa, na kijiji kizima kikasoma. Muda mwingi hakuna mzungu pale.

Wabenediktini nao kutoka Ujerumani walikuwa Lukuledi na Nyangao kabla ya Majimaji, 1905 vituo vikachomwa, 1906 wakaanza Ndanda. Na kwao ilikuwa hivyo hivyo, shule za vichakani zilishikwa na walimu Waafrika waliokuwa walimu wa dini na walimu wa shule kwa pamoja, ndo maana mpaka leo vijijini katekista anaitwa mwalimu. Mzee Mkapa mwenyewe mtoto wa Lupaso alipitia Ndanda.

Baada ya uhuru serikali ikaja na Sheria ya Elimu ya 1969, shule za dini zikawa za umma, na ualimu ukawa kitu cha taifa, mtu wa Masasi anapangiwa Mwanza na wa Mwanza analetwa Liwale. Hapo ndo vyuo vya serikali vikapata uzito, Mtwara, Nachingwea, Kitangali. Elimu ya Kujitegemea imetoka 1967, kwa hiyo chuoni unafundishwa na jembe pia.

Na niseme kitu ambacho mimi nakiamini. Huku kwetu miradi mikubwa imekuja ikaondoka. Mradi wa karanga wa Waingereza Nachingwea 1947, wakajenga bandari Mtwara na reli mpaka Nachingwea, karanga zikashindikana, reli imeng'olewa miaka ya 60, leo ukipita unaonyeshwa tuta tu. Chuo kikuu hatukuwa nacho, mpaka Stella Maris imeanza pale Mtwara 2009. Kwa zaidi ya miaka arobaini baada ya uhuru mtoto wa Kusini ambaye familia haina uwezo mlango wake wa kusoma zaidi ulikuwa chuo cha ualimu. Kassim Majaliwa kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kapita Chuo cha Ualimu Mtwara, alikuwa mwalimu, ndo baadaye mbunge wa Ruangwa na 2015 Waziri Mkuu. Sio yeye tu, hesabu makatibu kata, wahasibu wa vyama vya msingi, madiwani wa enzi hizo huku, wangapi walianza na chaki.

Mdau wa Masasi

Mimi naomba tusifichane, na sisemi kwa kumdharau marehemu, Mungu amlaze pema.

Nimesoma shule ya msingi miaka ya 80 chini ya walimu wa UPE. Walikuwa na moyo, walitupenda, walikuwa wanakuja nyumbani kama hujafika shule. Lakini Kiingereza tulifundishwa na mtu ambaye na yeye hakijui. Alikuwa anasoma kitabu kwa sauti, sentensi moja moja, tunaitikia, halafu ananakili ubaoni tunanakili daftarini. Nimefika sekondari ndo kwa mara ya kwanza nasikia mtu anaongea sentensi ya Kiingereza ambayo haipo kitabuni, nikawa sielewi hata "sit down" inatoka wapi. Darasa letu tuliofaulu kwenda sekondari tulikuwa wawili. Wale wengine arobaini na kitu nakutana nao kwenye magulio, wana akili kuliko mimi, wamebaki na korosho.

Kwa hiyo yule ndugu wa msibani kakosea mahali pa kusema na namna ya kusema, ila chini ya ule utani kuna kidonda cha watu. Na mimi lawama zangu sio kwa mwalimu. Kijana wa miaka 17 kapewa darasa la watoto themanini, wiki 6 za chuo, halafu akaachwa. Chuo kilitakiwa kimrudie. Kila likizo wangewaita, Kiingereza miezi mitatu, hisabati miezi mitatu. Wengi walikaa miaka kumi na tano hawajaona mkufunzi tena.

Mstaafu wa Newala

Mdau wa Masasi, la Kiingereza ni kweli tupu na mimi nalikubali mbele ya watu wote. Nimefundisha Kiingereza hivyo hivyo ulivyosema na nilikuwa najua kwamba sijui. Usiku unasoma ukurasa wa kesho na kamusi na kibatari, unafika darasani unaomba mtoto asiulize.

La kuachwa pia ni kweli, ila wapo waliorudi wenyewe. Mimi nilitoka daraja la C, la chini kabisa kwenye cheti cha ualimu, nikapanda B, halafu nikafanya mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea, mara ya kwanza nimefeli, mara ya pili nimepata, ndipo nikarudi chuo nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanne kuchukua daraja la A. Nilikaa dawati moja na vijana wa rika la mwanangu. Mwana wa Luagala angalia kwenye karatasi za mzee, kama alistaafu akiwa daraja la A basi ujue alipita njia hiyo, hakuna aliyepewa bure. Na tafuta cheti cha mwanzo, cha daraja la C, kilikuwa karatasi nyepesi tu watu wengi wamekipoteza, kinakuwa kwenye bahasha ya kaki pamoja na barua ya ajira.

Bi Somoe wa Lindi

Nimesoma huu uzi mpaka nimeacha chakula kinaungua.

Jamani mimi ni vodafasta. Wadogo labda hamjui, miaka ile ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanzia 2004 kwenda mbele, kila kata ikajenga sekondari, majengo yakasimama walimu hakuna. Wakachukuliwa waliomaliza kidato cha sita, tukapewa mafunzo kama ya mwezi mmoja, tukapewa leseni ya kufundisha, nenda. Jina la vodafasta tulipewa mtaani kwa ile haraka ya vocha. Mimi nilikuwa na miaka 21 nimepangiwa sekondari ya kata wilayani Liwale, siitaji jina. Nimeshuka kwenye lori la mbao saa mbili usiku, nimepokelewa na mlinzi. Asubuhi naambiwa walimu tupo wawili, mimi na mkuu wa shule, kidato cha kwanza na cha pili, masomo yote. Nilifundisha Baiolojia, Kiswahili, Historia na Kemia wakati Kemia nimeiacha kidato cha nne.

Nilichojifunza mle kwenye ule mwezi mmoja ni kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na kusimama. Basi. Lakini niwaambie ule mwezi ulinisaidia kuliko nilivyodhani, kwa sababu mkufunzi mmoja mama alituambia kwenye kila kipindi muulize mtoto mmoja ambaye hajanyoosha mkono. Hilo moja nimelishika miaka yote. Baadaye nikajisomea shahada kwa likizo likizo mpaka nikamaliza.

Sasa nikitazama naona kitu kimoja kinajirudia. 1974 nchi ilikuwa na haraka, ikapata UPE. 2002 ikaja MMEM, mpango kama huo wa shule za msingi, ada imefutwa watoto wamejaa, wanachuo wa ualimu wakafanywa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja wapo shule wanafundisha. 2004 sekondari za kata, vodafasta. Kila mara ni kwanza watoto waingie halafu mwalimu atapatikana mbele ya safari. Na kila mara anayebebeshwa ni chuo cha ualimu na yule kijana, na kila mara jina la utani analibeba kijana. Aliyepanga haraka hana jina la utani.

Mwana wa Luagala mwambie mama yako mtu kufundisha miaka 44 sio kitu cha kuinamia kichwa.

Mwalimu Tarajali

Shikamooni wote. Mimi nipo chuo sasa hivi, huku huku Kusini, nasoma stashahada ya elimu ya msingi, niongee kidogo ya sasa kwa faida ya huyo dada anayekwenda Kitangali.

Majengo asiwe na wasiwasi, Kitangali wamejenga upya, ni moja ya vile vyuo vilivyojengwa kwa mradi wa serikali na Kanada pamoja na Ndala, Mpuguso na Shinyanga. Akija aje na counterbook za kutosha, pasi, na moyo wa kuandika. Kompyuta zipo tunasoma TEHAMA lakini andalio la somo bado ni mkono, na likikataliwa unaandika upya lote, hakuna kufuta.

BTP ndo kipimo, mazoezi ya kufundisha, unapelekwa shule ya kweli wiki kadhaa. Yangu ya kwanza nimefanya shule moja vijijini, darasa la pili, watoto 112 nimehesabu mwenyewe. Zana tunatengeneza kwa viroba vya sandarusi, unakata, unaosha, unaandika kwa maka pen, hazichaniki na mvua ikipiga darasani hazilowi. Gundi tunapika uji wa muhogo. Na kuhesabia ni mbegu za korosho tu mzee, hilo halijabadilika tangu 1979 😊 nilivyosoma andalio la marehemu nikapata baridi. Na mimi juzi mkufunzi kaniandikia karibu maneno yale yale, "punguza maelezo, ongeza kazi za wanafunzi".

Ishu yetu ni ajira. Zamani walimu walitafutwa mpaka wa la saba, sasa hivi wapo mtaani wenzetu wa miaka iliyopita wana vyeti wanasubiri, wengine wanafundisha tuisheni, wengine msimu wa korosho wanapima kwenye maghala. Huku darasani mtu mmoja ana watoto 112. Hapo ndo naumia, maana mwalimu yupo na mtoto yupo ila hawajakutana.

Ila dada aje. Mitaala mipya imeanza 2024, na sekondari kuna mkondo wa amali, ufundi, kilimo, ushonaji, kwa hiyo hata wale wa chuo cha ualimu ufundi pale Mtwara nao wana kazi kubwa mbele. Wanaojua kufundisha ufundi ni wachache.

Mdau wa Masasi

Bi Somoe hiyo ya jina la utani umenigusa. Na Mwalimu Tarajali Mungu akutangulie, huyo mtoto wa 112 msimuache.

Mwana wa Luagala

Wakubwa zangu sijui nianzie wapi kushukuru. Nimesoma majibu yote kwa sauti jana usiku barazani, mama, mdogo wangu na mimi, umeme ulikatika nikamalizia na tochi ya simu.

Kuna kitu kimetokea. Nilipofika pale Mchungulia Kale anaposema huku pwani chuo ni chuo cha Kurani, mama akanisimamisha. Akasema ngoja, rudia. Kumbe miaka yote waliyoishi, baba alikuwa akisema "nilipokuwa chuoni Mtwara", "mwenzangu tulikuwa naye chuoni", mama alikuwa anajua anaongelea chuo cha Kurani, kwamba alisomea dini Mtwara au Mikindani alivyokuwa kijana! Hakuwahi kumuuliza na yeye hakuwahi kueleza. Mama akakaa kimya kama dakika mbili hivi, halafu akasema "basi alikuwa ananiambia."

Mdau wa Masasi nimekuelewa na sina kinyongo, na mimi Kiingereza changu cha msingi nakijua kilivyokuwa. Ila hisabati baba alinifundisha mwenyewe, na ile kalamu nyekundu imenikumbusha jambo. Alikuwa anamwaga korosho mkekani, anatoa swali, halafu anageukia kazi zake, anasuka kamba au anachonga mpini. Nikikosea hasemi. Nikimuuliza anasema hesabu tena. Nilikuwa nadhani hanijali. Hata ndugu zangu wakubwa tuliongea wakasema hivyo hivyo, baba akifundisha haongei.

Bahasha ya kaki ipo mzee, nimeipata chini kabisa imekunjwa ndani ya gazeti. Cheti cha daraja la C kipo, na cha A kipo, 2005. Yule ndugu bado sijaongea naye, nataka aje mwenyewe nyumbani avione, nitamwita kwa heshima tu bila maneno mengi.

Daftari mdogo wangu kaliomba aende nalo Kitangali, nilitaka kukataa kwa sababu ya mchwa na safari, mama kasema mpe. Tumelifunika kwa nailoni. Picha na cheti cha C nimepeleka kwa fundi fremu hapa mjini karibu na soko, kasema nipitie Jumamosi.